Mshale usiosema kweli: kisa cha mazingira ya kuchora programu, Lubumbashi

Kisa hiki kinatoka katika chumba cha kompyuta cha shule moja ya juu mjini Lubumbashi, ambako promosheni ya mwaka wa pili inasoma algoriti. Silabasi imeandikwa kwa Kifaransa, maelezo ya pembeni ya mashine hutolewa kwa Kiswahili, na kati ya hayo mawili kuna chombo kimoja: mazingira ya kuprogramu yanayochora programu ya Python inavyotembea. Mwanafunzi anaandika msimbo upande wa kushoto, anabonyeza Endesha, kisha anapiga hatua moja moja mbele au nyuma, huku upande wa kulia akiona vigeu, orodha na mishale inayounganisha objekti. Chombo kiliandikwa hapo hapo kwa ajili ya mashine zilizopo: RAM ya gigabaiti 2, Windows 7, skrini ya pikseli 1024 kwa 768, na intaneti isiyo ya kutegemea.

Mazoezi ya orodha za namba 8 au 10 yalikwenda bila shida. Lilipokuja zoezi la kupanga orodha ya namba 100, chombo kiligoma: picha za hatua za kwanza zilionekana, kisha ukurasa ukaganda, na umeme ulipokatika kwa delestaji (mgao wa umeme) kazi yote ikapotea. Katika kutafuta sababu yakafichuka makosa mengine ambayo hayakuwa yakigandisha chochote. Hayo ndiyo mabaya zaidi. Kulikuwa na picha zilizosema uongo, na darasa lilikuwa limezizoea. Ndiyo maana mpango wa maboresho haukuanza na kasi wala na rangi. Umeanza na ukweli wa picha.

Chombo kina sehemu tatu. Ya kwanza ni mrekodi, anayeendesha programu ya mwanafunzi chini ya `sys.settrace`, kifaa cha Python cha kufuatilia programu inavyotembea, na kuandika hali ya kumbukumbu kila mstari unapofikiwa. Ya pili ni faili ya nyayo, yaani orodha ya hali hizo moja baada ya nyingine. Ya tatu ni mchoraji, ambaye ndani ya kivinjari hugeuza kila hali kuwa picha, akiiomba Graphviz, programu ya kuchora grafu, kupanga visanduku na mishale. Kila kasoro iliyoonekana ina makao yake katika mojawapo ya sehemu hizi, na ni muhimu kujua ni ipi kabla ya kugusa kitu.

Tuanze na kuganda, kwa kuwa hesabu yake ni rahisi na inafundisha. Huu ndio msimbo uliokuwa ubaoni:

```
def panga(t):
    n = len(t)
    for i in range(n-1):
        for j in range(n-1-i):
            if t[j] > t[j+1]:
                t[j], t[j+1] = t[j+1], t[j]
```

Upe orodha ya namba 1 hadi 100 iliyopangwa kinyume, kisha hesabu ni mara ngapi kila mstari unafikiwa. Mstari wa `n` mara 1. Mzunguko wa nje mara 100, kwa sababu mara ya mwisho ni ile ya kugundua kwamba umekwisha. Mzunguko wa ndani mara 5,049. Ulinganisho mara 4,950, na kwa kuwa orodha iko kinyume kabisa, kubadilishana nafasi nako ni mara 4,950. Jumla ni hatua 15,050. Mrekodi alikuwa akiandika orodha nzima katika kila hatua. Namba 1 hadi 100 zikiandikwa kwa JSON ya kawaida (muundo wa maandishi wa kuhifadhi data), pamoja na mikato, nafasi na mabano, huchukua baiti 392. Zidisha: baiti 5,899,600, karibu megabaiti 5.9, hata kabla ya kuhesabu vigeu vingine. Faili hiyo ilikuwa ikihifadhiwa katika `localStorage` ya kivinjari, ambayo mpaka wake ni takriban megabaiti 5. Kivinjari kikatupa kosa la `QuotaExceededError`, hakuna aliyelidaka, na ukurasa ukabaki umeduwaa. Orodha ya namba 10 haikuwahi kufika karibu na mpaka huo, kwa hiyo kasoro ilikaa imejificha.

Dawa ni kuacha kuandika picha kamili kila hatua. Kati ya hatua moja na inayofuata hubadilika vitu vichache: namba ya mstari, pengine `j`, pengine visanduku viwili vya orodha. Mrekodi mpya ataandika tofauti hiyo tu, na picha kamili mara moja kila hatua 200. Tofauti ikichukua wastani wa baiti 30, hatua 15,050 zinafanya kama megabaiti 0.45, na picha kamili 76 zinaongeza kilobaiti 30 hivi. Faili inakuwa ndogo zaidi ya mara kumi. Kwenda hatua yoyote ni kuchukua picha kamili iliyo nyuma yake na kupaka juu yake tofauti zisizozidi 199. Kurudi nyuma ni vivyo hivyo, kwa hiyo hakuna haja ya kuhifadhi thamani za zamani. Ieleweke kwamba njia hii inaokoa nafasi, haiokoi kazi: ili kujua kilichobadilika, mrekodi bado analazimika kulinganisha orodha nzima kila hatua. Kwa namba 100 hiyo ni milinganisho milioni moja na nusu, na hata mashine hizi kuukuu zinaibeba.

Jambo dogo lenye faida kubwa: nyayo ziandikwe hatua moja kwa mstari mmoja, kila mstari ukiwa JSON iliyojitosheleza. Faili ya zamani ilikuwa JSON moja kubwa, na ikikatika katikati haina bano la kufunga, basi haisomeki kabisa. Faili ya mistari ikikatika, unapoteza mstari wa mwisho tu.

Sasa picha za uongo. Ziko tatu.

Ya kwanza inahusu mshale wa mstari. `sys.settrace` hutoa tukio la `line` pale Python inapokaribia kutekeleza mstari, kabla haijautekeleza. Mchoraji alikuwa akiupaka rangi mstari huo na kuonyesha vigeu kando yake. Mwanafunzi anaona `t[0] = 5` imeangaziwa, anatazama orodha, na kisanduku cha kwanza bado kina namba ya zamani. Mwenye haya anafikiri hakuelewa. Mwenye bidii anajitungia kanuni kwamba thamani huingia “baadaye kidogo”, na kanuni hiyo inamfuata hadi mtihani. Zaidi ya hapo, mrekodi alikuwa akipuuza tukio la `return`, kwa hiyo kazi ya mstari wa mwisho wa funksheni haikuonekana kamwe. Marekebisho ni mishale miwili: mwembamba kwenye mstari uliokwisha kutekelezwa, mnene kwenye mstari unaofuata, na tukio la `return` lihesabiwe kuwa hatua kamili yenye picha yake.

Ya pili ni ya hatari zaidi, na inafaa kuitazama kwa karibu. Chukua mistari hii miwili, yenye majina ya mitaa ya mji wenyewe:

```
for mtaa in ["Kenya", "Katuba", "Ruashi"]:
    n = Nodi(mtaa)
```

Mrekodi alikuwa akitambua kila objekti kwa `id()`, ambayo katika CPython, yaani Python ya kawaida, ni anwani yake kwenye kumbukumbu. Nodi ya Kenya inaundwa kwenye anwani fulani. Nodi ya Katuba inaundwa Kenya ikiwa bado hai, kwa hiyo inapata anwani nyingine, na `n` inapohamia Katuba, Kenya haina tena anayeishika na inafutwa. Kumbe sasa anwani yake iko wazi. Nodi ya Ruashi inapoundwa, mara nyingi inaketi pale pale palipokuwa na Kenya. Kwa mrekodi, `id` ni ile ile, basi objekti ni ile ile. Kwenye skrini kisanduku cha Kenya kinarudi mahali pake kikiwa na jina Ruashi, kana kwamba mtu ameingia ndani ya nodi ya kwanza na kubadilisha jina. Mwanafunzi anayejifunza orodha za viungo anatoka na somo lililo kinyume na ukweli, na msimbo wake hauna kosa lolote.

Kutumia marejeo dhaifu, yaani yasiyozuia objekti kufutwa, hakutoshi, kwa sababu `list`, `dict`, `int` na `str` za kawaida hazikubali marejeo hayo. Njia iliyochaguliwa ni mrekodi kushika kila objekti aliyoiona hadi mwisho wa kurekodi, na kuipa namba yake ya mfululizo: 1, 2, 3. Objekti iliyoshikwa haifutwi, basi anwani yake haigawiwi tena. Gharama zake zinajulikana. Kumbukumbu inaongezeka, na `__del__`, metodi ya objekti inayofutwa, haiitwi hadi mwisho, kwa hiyo zoezi la kufundisha `__del__` lisifanyiwe ndani ya chombo hiki. Pia mrekodi hawezi tena kutegemea Python imwambie nini kimekufa: lazima ajitembeze mwenyewe kutoka kwenye vigeu vilivyo hai, na kila asichoweza kukifikia asikichore.

Hapo hapo ndipo pa kuacha kuchora mishale kuelekea namba na maneno. CPython huweka tayari namba kuanzia -5 hadi 256 na kuzitumia kwa pamoja, kwa hiyo chombo kilikuwa kikionyesha vigeu viwili vyenye 256 vikielekeza mahali pamoja, lakini vyenye 257 pengine mahali pawili. Ni kweli ya ndani ya mashine, ila haimsaidii mtu anayejifunza kupanga orodha. Namba na maneno mafupi yaandikwe ndani ya kisanduku cha kigeu.

Uongo wa tatu unaanzia kwa `repr()`. Ili kupata maandishi ya objekti, mrekodi alikuwa akiita `__repr__` iliyoandikwa na mwanafunzi. Lakini ndani ya `__init__`, metodi inayoandaa objekti mpya, kabla ya `self.jina` kuwekwa, `self` tayari ipo miongoni mwa vigeu. `__repr__` inayosoma `self.jina` inaanguka kwa `AttributeError`, na kosa hilo linatokea kwenye programu ya mwanafunzi kana kwamba ni lake. Orodha iliyounganishwa duara ni mbaya zaidi, maana `__repr__` inajiita yenyewe hadi `RecursionError`. Kanuni mpya haina msamaha: mrekodi haendeshi hata mstari mmoja wa msimbo wa mwanafunzi kwa faida yake mwenyewe. Atasoma `__dict__`, mahali sifa za objekti zinapokaa, moja kwa moja kwa `object.__getattribute__`, na maneno marefu kupita herufi 40 atayakata.

Kuna kasoro ya nne ambayo si ya picha bali ya usalama wa chumba: mzunguko usioisha. Chombo kilikuwa na mpaka wa hatua, na mpaka ukifikiwa mrekodi hutupa kosa ili programu isimame. Kwa `while True` ya kawaida ilifanya kazi. Lakini wanafunzi wengi huandika `try` na `except:` tupu, inayodaka kosa lolote, ndani ya mzunguko wanaposoma namba. Kosa la mrekodi likadakwa na `except:` hiyo. Na kwa kuwa Python huzima ufuatiliaji mara tu kitendakazi cha kufuatilia kinapotupa kosa, mzunguko ukaendelea bila mtu wa kuuhesabu. Feni inavuma, skrini imetulia. Kwa hiyo mpaka wa ndani hautoshi peke yake. Programu ya mwanafunzi itaendeshwa katika mchakato wa pembeni kwa `subprocess.run` yenye `timeout` ya sekunde 10, inayoua mchakato muda ukifika. Mpaka wa hatua 20,000 unabaki kama kizuizi cha kwanza, na umewekwa hapo ili zoezi la 15,050 lipite. Majibu ya `input()` yataandikwa mapema katika kisanduku chini ya msimbo, jibu moja kwa mstari, la sivyo mchakato utamsubiri mtu asiyekuwepo.

Baada ya ukweli, utulivu. Swali linalosikika sana chumbani ni “Juu ya nini mushale imehama?”, yaani kwa nini mshale umehama, na jibu la haki ni kwamba hakuna sababu. Mchoraji aliiita `dot`, amri ya Graphviz ya kupanga grafu, upya kwa kila hatua, na `dot` haikumbuki ilichora nini jana. Nodi moja ikiongezwa mwanzoni mwa orodha, zote zinasogea, na jicho haliwezi kutofautisha kilichobadilishwa na programu na kilichohamishwa na mchoraji. Hapa kuna bahati ambayo haikutumiwa: nyayo zote zimekwisha kurekodiwa kabla picha ya kwanza haijachorwa, kwa hiyo yajayo yanajulikana. Stephan Diehl na Carsten Görg walilifanyia kazi wazo hili mwanzoni mwa miaka ya 2000. Unaunganisha grafu za hatua zote kuwa grafu moja kubwa, unaipanga mara moja, kisha katika kila hatua unaficha kisichokuwepo. Kila nodi ina makao yake tangu mwanzo hadi mwisho. Nodi mbili ambazo hazikuishi wakati mmoja zinaweza kupewa makao mamoja ili grafu isivimbe, lakini ibadilishwe rangi ya ukingo, tusirudi kwenye uongo wa Kenya na Ruashi.

Kiutendaji: `dot -Tplain` iitwe mara moja tu kwa kila uendeshaji. Inatoa kila nodi na `x`, `y`, upana na kimo kwa inchi, ikihesabu kutoka pembe ya chini kushoto. SVG, muundo wa picha wa kivinjari, inahesabu kutoka juu. Asiyegeuza atapata orodha iliyosimama kwa kichwa. Fomula ni kimo cha grafu toa `y`, mara 72.

Orodha za Python zisipelekwe kwa `dot` kabisa. Safu ya visanduku vya pikseli 28 inatosha hadi vitu 30. Namba 100 zingehitaji pikseli 2,800, na skrini ina 1,024. Zikizidi 30, mchoraji atahamia nguzo: pikseli 8 kila moja, 800 kwa jumla, kimo kikiwa thamani. Si jambo jipya. Ronald Baecker wa Chuo Kikuu cha Toronto alionyesha upangaji kwa filamu ya dakika 30 mwaka 1981, na wingi wa data ndio uliofanya tofauti za mbinu zionekane kwa jicho. Nguzo inayolinganishwa na inayobadilishwa zitofautishwe kwa ukingo mnene na alama juu yake, kwani projekta ya chumbani hufifisha njano na nyekundu mchana.

Hata hivyo hakuna mwanafunzi atakayebonyeza mara 15,050. Marc Brown na Robert Sedgewick, katika mfumo wao wa BALSA wa Chuo Kikuu cha Brown miaka ya 1980, walimwachia mwandishi wa algoriti aseme ni matukio gani yanafaa kutazamwa. Mpango unachukua njia hiyo: asistanti anaweka alama mwishoni mwa mstari, kwa mfano `#: badilisha`, na mwanafunzi anachagua kusimama kwenye alama hizo tu. Akisimama mara moja kwa kila mzunguko wa nje anapata picha 99, na akitaka mabadilishano yote anapata 4,950. Alama zisomwe kwa moduli ya `tokenize`, kwa kuwa `ast`, moduli ya kuchanganua msimbo, hutupa maoni yote.

Klavie nayo ina neno lake. Njia za mkato zilikuwa `[` na `]`. Kwenye AZERTY (mpangilio wa herufi za klavie) ya Kifaransa, `[` ni AltGr na 5, na kwenye AZERTY ya Kibelgiji iko mahali pengine kabisa. Zote mbili zimo chumbani. Njia mpya ni F8 kurudi na F9 kwenda mbele. F7 isiguswe, maana kwenye Chrome na Firefox inawasha kishale cha kusomea ukurasa.

Mambo mawili yamekataliwa kwa sasa. La kwanza ni kuhamia `sys.monitoring`, iliyoingia na Python 3.12 na iliyo nyepesi kuliko `sys.settrace`. Python 3.8 ndiyo ya mwisho inayokubali Windows 7, basi mrekodi atabaki na njia ya zamani hadi mashine zibadilishwe. Kwa sababu hiyo hiyo mchoraji asitumie kitu kisichokuwemo ndani ya Chrome 109, na maktaba zote za JavaScript zikae kwenye diski ya chumba. La pili ni mji wa vipimo vitatu kama CodeCity ya Richard Wettel na Michele Lanza, ambamo kila klasi ni jengo, kimo chake kikiwa idadi ya metodi na upana wa kitako idadi ya sifa. Ni kazi nzuri kwa programu yenye klasi mamia. Kwa zoezi la mistari 40 ungepata vibanda viwili.

Kuhusu delestaji, nyayo hazitahifadhiwa tena kwenye kivinjari. Kitakachohifadhiwa kila mwanafunzi anaposimama ni msimbo, majibu ya `input()`, mbegu ya `random` na namba ya hatua. Ni kilobaiti chache. Nyayo zinatengenezwa upya umeme ukirudi, mradi programu itoe matokeo yale yale kila mara. Kwa hiyo mbegu iwekwe kabla ya msimbo kuanza, na mchakato wa pembeni upewe `PYTHONHASHSEED=0`, kwani bila hiyo seti ya maneno hubadilisha mpangilio wake kila uendeshaji na hatua zinapishana.

Kazi zitafuatana hivi: mishale miwili na tukio la `return`, namba za mfululizo, kusoma `__dict__`, mchakato wa pembeni, nyayo za tofauti, mpangilio wa mara moja, kisha nguzo, alama na klavie. Kila moja haipokelewi kabla ya kupita jaribio lake kwenye mashine dhaifu kuliko zote chumbani. Nodi tatu za mitaa lazima zionekane na namba tatu tofauti, na Ruashi isikalie kisanduku cha Kenya bila ukingo kubadilika rangi. `while True` yenye `except:` tupu lazima ife ndani ya sekunde 10, na nyayo zake zisomeke hadi mstari wa mwisho uliokamilika. Jaribio la mwisho ni la mkono: endesha upangaji wa namba 100, nenda hatua ya 7,412, chomoa waya ukutani. Mashine ikiwaka tena, msimbo uwe umekaa pale pale, Endesha ibonyezwe mara moja, na picha ifunguke kwenye hatua ya 7,412 ikiwa na `i` na `j` zile zile.